Nani Huhesabu Abiria?

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya wananchi wa Ngonga, Wilaya ya Kyela)



Nimeombwa nizungumze juu ya wajibu wa mwananchi katika kuilinda demokrasia. Sisi waandishi wa habari tukipewa jambo kama hili aghalabu hukimbilia maneno makubwa makubwa. Leo nimeazima mawazo ya mhandisi mmoja, rafiki yangu tuliyesoma naye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye kazi yake ni barabara na madaraja. Yeye hana maneno makubwa. Kila aonyeshwapo kitu huuliza mambo mawili tu: kipimo chake ni kipi, na nani anakisimamia?

Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, hatua chache tu kabla ya kufika gati la kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Nyinyi mnaoishi na Ziwa Nyasa hamhitaji kuelezwa msiba wa namna hiyo.

Rafiki yangu asema kwamba ile 101 haikuwa siri. Aliyekisanifu kivuko alikwisha piga hesabu yake, akaiandika, akaenda zake. Tangu saa ile kipimo kikawa mikononi mwa watu wengine kabisa, na hakuna chuma wala injini iwezayo kuhesabu vichwa. Sisemi kwamba abiria ndio wenye hatia, la hasha! Mtu anayetoka gulioni, na chombo cha pili hakuna, atafanya nini? Nasema tu kwamba usanifu bora hauwezi kujilinda wenyewe.

Sasa tuitazame nchi yetu kwa jicho hilo. Katiba ya mwaka 1977 inasema kuwa madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 1982 ikaweka vipimo: kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, mkutano huo ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na Halmashauri ya Kijiji iwe na wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaikataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi kabla ya kupata idhini ya Mkutano Mkuu. Kwa watu wanaotegemea mpunga na kakao, kama nyinyi, kifungu hicho peke yake chatosha kumtoa mtu nyumbani siku ya mkutano hata kama mvua inanyesha.

Viongozi wa vijiji walichaguliwa tarehe 27 Novemba, 2024, kwa kipindi cha miaka mitano. Miaka mitano ina siku 1,826. Siku ya kura ni moja. Mikutano ya lazima, kwa hesabu ya kila miezi mitatu, ni 20. Mwananchi aliyepiga kura kisha asihudhurie mkutano hata mmoja ametumia siku moja kati ya 1,826, halafu hushangaa aonapo shamba la kijiji lina mwenyewe mpya.

Lakini kuhudhuria si kutia sahihi katika daftari la mahudhurio tu, na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Tarehe 28 Januari, 1986, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kililipuka sekunde 73 baada ya kurushwa, na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Usiku wa kuamkia siku ile wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake walipinga kisirushwe, kwa sababu baridi ingeharibu mipira ya kuzibia maungio. Wakubwa wao waliwakatalia. Desturi yao ilikuwa kwamba anayetaka kurusha ndiye athibitishe kuwa ni salama. Usiku ule mambo yakageuzwa: anayetia shaka akatakiwa athibitishe kuwa ni hatari.

Ndugu zangu, mageuzo ya namna hiyo tunayaona katika vijiji vingi. Mwananchi anasimama kuuliza fedha za zahanati zimefikia wapi, naye anaambiwa, "Una ushahidi gani?" Ushahidi anao nani? Daftari la mapato na matumizi halikai chini ya kitanda cha mwuliza swali! Anayeshika fedha ya umma ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na swali lenyewe halihitaji kibali.

Wapo watakaosema kwamba kumwuliza kiongozi mbele ya watu ni utovu wa adabu. Siafiki. Mila ya Kinyakyusa inayo ukwangala, watu kuketi pamoja na kuzungumza kwa wema, na sijui ni wema gani uliopo katika kukaa kimya na kunung'unika njiani.

Tumewahi kulijaribu lile jingine pia. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zake zikatwaliwa na watumishi wa Serikali. Vyama vikuu vya ushirika vikafuata mwaka 1976. Wataalamu hawakukosekana, wala mipango. Kilichokosekana ni chombo chenye nguvu, kilichochaguliwa na wananchi, cha kumwuliza mtaalamu. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema kwamba kama angeanza upya, asingevunja serikali za mitaa wala ushirika.

Basi ombi langu kwa Ngonga ni dogo. Mvua kubwa za Kyela huja Machi na Aprili, na mito ikishajaa hakuna mwenye nafasi ya mikutano. Itisheni mkutano kabla ya hapo. Daftari la mapato na matumizi liwe mezani, lisomwe kwa sauti, na maswali yaandikwe katika muhtasari pamoja na majibu yake, ili mkutano utakaofuata uanzie pale.

Ndugu Mwenyekiti, naona mikono miwili mitatu imekwisha nyooshwa kule nyuma. Nakaa chini niwapishe.