Fundi wa Umeme Akienda Ng'ambo, Nyumba Yabaki na Nani?

(Mazungumzo na vikundi vya Likoni, Kisauni na Changamwe)



Leo twataka kuzungumza juu ya mtu ambaye vijana wetu humkuta wakifika Ghuba: Mfilipino. Huko Dubai au Doha yumo hospitalini, yumo hotelini, na yumo juu ya ngazi akivuta nyaya za umeme. Kwao ameacha mke, watoto na wazazi. Tujifunze nini kwake?

Kwanza, karatasi. Sheria ya Ufilipino ya 1995 yagawa watu wa umeme katika ngazi tatu, kuanzia fundi mkuu hadi injinia, na kila mmoja husajiliwa kwa ngazi yake. Hata hivyo, injinia huyo akihamia Kanada hawezi kujiita injinia mpaka apate leseni ya huko. Sasa kijana wetu wa Mtongwe aliyefunzwa na fundi wa mtaani, bila cheti, atalipwa nini? Kazi aijua, lakini atabebeshwa vifaa tu. Basi afanye kwanza mtihani wa ufundi wa NITA, daraja la tatu hadi la kwanza, na leseni ya EPRA aitafute mapema. Hata asiposafiri, vitamfaa hapa hapa.

Pili, mkataba. Tangu miaka ya 1980 Mfilipino anayekwenda kufanya kazi nje hupewa mafunzo kabla ya kupanda ndege. Kwetu iko Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Wakala yeyote aulizwe huko kama ameandikishwa, kabla baba hajauza shamba.

Tatu, nyumba, na hapa ndipo penye uzito. Wafilipino huliita sanduku la zawadi litokalo ng'ambo balikbayan, maana yake mwenye kurudi nchini. Lakini mara nyingi sanduku hurudi, baba harudi. Watoto hulelewa na nyanya, na baba wamjua kwa sauti ya simu.

Kwa hivyo, kabla ya safari, mume, mke na wazazi wakae chini wapange: deni litalipwa lini, karo ni kiasi gani, akiba itawekwa wapi, na mwaka gani atarudi. Mama anayebaki asifanywe karani wa kupokea pesa za M-Pesa na kuzigawa kwa mashemeji. Yeye ndiye msimamizi wa nyumba, naye awe na sauti.

Mkirudi vikundini, jadilini haya:

1. Je, kikundi chaweza kuweka nakala za pasipoti na mkataba wa kila kijana anayeondoka?

2. Je, twaweza kumkopesha kijana ada ya mtihani wa ufundi?

3. Akirudi, atakuta kazi gani imeandaliwa?

Wahenga wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tuitengeneze ngama kabla mtu hajaondoka.