Sauti Iliyofungua Milango

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama katika mkutano wa kumkumbuka marehemu Bibi Titi Mohamed



Tumetakiwa tuseme maneno machache juu ya marehemu Bibi Titi Mohamed. Vijana wengi wa Dar es Salaam walijua jina lake kwa sababu ya barabara. Husikia kondakta akiita, hushuka kwenye basi, huenda zao. Hawajui kwamba jina hilo ni la mke wa mtu, mama wa binti, na mwimbaji wa ngoma. Leo twataka kumkumbuka kwa hayo kwanza, kwani pasipo hayo siasa yake haielezeki.

Alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Juni 1926. Shule aliipata kidogo tu. Aliolewa akali msichana wa miaka 14, akajaliwa binti. Kwa wasichana wengi wa zama zile habari ingekwisha hapo, nyuma ya ua. Lakini yeye Mungu alimpa sauti. Akawa mwimbaji mkuu wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na sauti ile ikamtoa uani ikamfikisha mbele ya watu.

Ndugu zetu, tusividharau vikundi vya ngoma. Aliyetazama kwa mbali aliona wanawake wanacheza, basi. Aliyekuwa ndani alijua kuna viongozi wanaosikilizwa, kuna michango, kuna sare za kanga, kuna desturi ya kwenda kwa mwenzao aliyejifungua na kwa mwenzao aliyefiwa. Mwanamke mwenye shida alijua amwendee nani. Hicho kilikuwa chama tayari, ila hakikuitwa hivyo.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata alifika Dar es Salaam mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, Bwana John Hatch. Akauliza: wanawake wenu wako wapi? Swali lile liliwachoma wazee wetu, maana jibu la kweli lilikuwa kwamba wako majumbani, hatujawaita. Ndipo lilipotajwa jina la Bibi Titi. Yeye na mumewe walikuwa wamekwisha kuingia katika chama, na kadi yake ilikuwa namba 16.

Aliwaitaje? Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, wa Bomba, wa Lelemama na vinginevyo, watu waliomjua na aliowajua. Kiongozi akikubali, wenziwe nao humfuata. Katika miezi michache ya mwaka ule wa 1955 wanawake wapatao 5,000 walijiandikisha. Walichanga, walipika, walipokea wageni wa chama majumbani mwao, na mikutano ya hadhara ikajaa kanga.

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa chuoni kwamba mtoto hupelekwa kwenye asilolijua kwa njia ya lile analolijua. Bibi Titi hakupita chuo chochote cha ualimu, lakini somo hilo alilifanya kwa vitendo. Katika ngoma mmoja hutoa na wengine huitikia, na asiyeitikia huonekana. Yeye alitoa neno uhuru, na waitikiaji walikuwapo tayari.

Lakini tukisimulia asali na kuificha shubiri, tutakuwa tumemdhulumu. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1962 ulipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, yeye ndiye aliyeuongoza. Akawa mbunge, akawa waziri mdogo. Mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi huko Rufiji. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha kuwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, alijiuzulu katika uongozi wa chama. Mwaka 1969 alikamatwa, akashitakiwa kwa uhaini, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 alitoka kwa msamaha wa Rais Nyerere.

Hatukusimama hapa kuihukumu upya kesi ile. Twasema moja tu: miaka mingi baadaye jina lake lilinyamaziwa, hata na watu walioingia katika chama kwa mkono wake. Mwimbaji alitoa, na watu hawakuitikia. Mwaka 1991, taifa lilipotimiza miaka 30 ya uhuru, ndipo gazeti la chama tawala lilipomtaja kuwa shujaa wa vita vya uhuru. Tarehe 5 Novemba 2000 alifariki dunia huko Johannesburg, Afrika Kusini.

Basi, ndugu zetu, tumkumbukeje? Kwanza, tuache tabia iliyoko katika matawi yetu ya kuwaita mama zetu wakati wa kupika na kuimba, kisha kuwafungia mlango wakati wa kukata shauri. Nyimbo zao ndizo zilizotujazia mikutano. Haki yao ya kusema haianzi wala haikomi jukwaani.

Pili, kila katibu wa tawi achukue daftari, awaendee bibi zetu waliobaki na kumbukumbu za ngoma zile, aandike majina ya vikundi, ya viongozi na ya waliochanga. Wengi wao hawakuacha picha wala barua. Daftari hilo lisipoandikwa mwaka huu, mwakani tutakwenda msibani badala ya mazungumzoni.

Tatu, tujifunze kumkumbuka mtu mzima wote, kwa ushindi wake na kwa kuanguka kwake. Chama kinachosahau waliokibeba hakina haki ya kuwaomba wengine wakibebe.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Uhuru na Umoja!