Watoto Wetu Wazito wa Akili: Maneno Yaliyosemwa katika Mkutano wa Tawi



Nimepewa nafasi niseme juu ya watoto ambao akili zao hukua polepole. Wamo katika nyumba zetu za reli, tunawajua, lakini mgeni akija wanafungiwa chumba cha ndani. Mtoto aliyefichwa serikali haimhesabu.

Watu huchanganya mambo mawili. Ziko ofisi za elimu za kupima watoto, zilizoanzishwa mwaka 1984. Mpeleke huko mapema. Wataangalia shule ipi inamfaa, ya kawaida au ya pekee. Lakini kadi ni jambo lingine. Kwanza madaktari wa hospitali ya serikali wampime, kisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limwandikishe. Karatasi ya elimu haifanyi kazi ya karatasi ya hospitali. Mama mmoja tunayemjua alirudishwa mara mbili kwa sababu hiyo tu.

Anayehitaji kutunzwa usiku na mchana aweza kuombewa zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii. Si kila mwenye kadi huzipata. Na mtu akitaka chai ili akuandike, huyo ni mwizi.

Sasa shauri letu. Madaktari hao hawakai kila siku, na mwenye zamu akikosa kazi hukatwa mshahara. Ndiyo maana mama huenda peke yake, mtoto mkubwa mgongoni. Naomba halmashauri ya tawi iwadai wakubwa wa kazi siku mbili za ruhusa zenye malipo kwa mzazi wa namna hii. Karani ataandika majina mlangoni, leo.