BIMA YA MATIBABU: MFUKO WA SERIKALI AU KAMPUNI?

(Maneno ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu, Magole)



Leo ni siku ya furaha, na wapo waliotuomba tuzungumze mambo mepesi. Twawaomba radhi. Wengi wenu mwayakumbuka mafuriko ya Januari 2014, yaliyokata barabara ya Morogoro na Dodoma pale Dumila na kuwaacha watu wa Magole bila nyumba. Maji yale yalikwenda zake, na mashamba yakabaki. Lakini mwanachama mwenzetu mmoja aliuza eka mbili za mpunga mwezi wa Februari, zikiwa bado mbichi, ili mkewe apate kupasuliwa. Mnunuzi alivuna mwezi wa Juni. Mama alipona, ashukuriwe Mungu; ila mwaka ule jamaa wale walinunua mchele dukani.

Ndiyo sababu Kamati imeletewa hoja mbili. Ya kwanza yataka wanachama wote wajiunge pamoja na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Ya pili, iliyoletwa na vijana wetu, yataka tuzungumze na kampuni ya bima ya watu binafsi. Kamati haikupatana, na si ajabu.

Wazee wameyaona yote mawili. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Mwaka 1977 ikatoa sheria ya kuzuia hospitali za watu binafsi zenye kutafuta faida, nazo za dini, kama ya Berega, zikaendelea. Vyama vilirudishwa kwa sheria ya 1982, na mwaka 1991 waganga binafsi wakaruhusiwa tena. Sisi wa ofisini wengi hatukuwa tumezaliwa, tumesimuliwa. Na katika masimulizi hayo hatujasikia mzee hata mmoja akisifu mambo yote kuwa mikononi mwa mtu mmoja, awe Serikali au mfanya biashara.

Vijana wana haki katika malalamiko yao. Mmoja wao alikaa na kadi yake ya bima tangu saa moja asubuhi katika kituo ambacho hatutakitaja. Saa saba akaambiwa dawa haipo, akanunue ng'ambo ya barabara. Alinunua. Kadi ile ameitundika ukutani karibu na kalenda. Kumwambia kijana huyo kwamba Mfuko wa umma ni mzuri kwa kuwa ni wa umma ni kumdhihaki.

Lakini na tuitazame kampuni nayo. Kampuni haina ubaya, ni biashara, na biashara haiwezi kuuza kwa hasara. Kabla ya kukupokea huuliza umri wako na maradhi uliyo nayo, na mwaka wa pili huhesabu mlivyotibiwa mwaka wa kwanza, kisha hupanga bei upya. Katika daftari letu wengi wamepita miaka hamsini, na wenye shinikizo la damu si haba. Vijana watapokewa kwa furaha. Je, mama zao watapokewa kwa bei gani?

Na hiari nayo tumeijaribu. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake mwaka 2001, na baadaye, ulipoboreshwa, kaya ya watu sita ikalipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Katika kijiji chetu kimoja walioandikishwa walikuwa wajawazito na wagonjwa. Wazima walisema watajiunga wakiugua. Likawa ghala ambalo wachotaji ni wengi kuliko watiaji.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge tarehe 2 Novemba 2023, yataka kila mkazi awe na bima, wala haikuyafungia makampuni mlango. Hata hivyo sheria peke yake haitoshi. Mwezi wa Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi ziliacha kuwapokea wanachama wa Mfuko wa Taifa kwa ugomvi wa bei mpya za matibabu, na aliyepata taabu ni mgonjwa mwenye kadi. Jirani zetu wa Kenya waliuondoa mfuko wao wa tangu 1966 wakaweka Mamlaka ya Afya ya Jamii mwezi wa Oktoba 2024. Malalamiko ya hospitali juu ya malipo hayakukoma kwa kubadili jina.

Kwa maoni yetu, shida ya mkulima ipo mahali pengine kabisa. Tangu 2001 mwalimu hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza 3. Mkulima hana mwajiri wa kumwongezea. Fedha yake huja mara moja, siku ya mizani, na ifikapo Januari imekwisha, nayo Januari ndiyo miezi ya mvua na homa. Ukimdai ada mwezi huo hatalipa, hata umpende vipi.

Basi ofisi yaunga mkono hoja ya kwanza, kwa masharti. Tujiunge na Mfuko wa Taifa sote pamoja, mzima na mgonjwa, na ada ikatwe siku ya mizani. Twajua neno "makato" lina uchungu; wapo hapa waliokatwa zamani bila kuonyeshwa hata karatasi. Kwa hiyo kila atakayekatwa apewe stakabadhi palepale, na wanachama watatu wasio wa Kamati waisome hesabu hiyo kwa sauti katika kila mkutano. Watatu hao ndio watakaoandika pia siku ambazo wenye kadi wamekosa dawa, na kituo gani, na daftari hilo tulipeleke kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kila baada ya miezi mitatu. Anayetaka kujiongezea bima ya kampuni kwa fedha yake hatumzuii.

Kura zitapigwa saa nane, baada ya chakula. Wasiojua kusoma watasomewa hoja zote mbili na karani, na kijana aliyeleta hoja ya pili atakaa karibu naye asikie kama zimesomwa sawasawa.