Upimaji wa Viwanja: Mchoro Utangulie Nyumba



Mfanyakazi anayepewa barua ya kiwanja hutazama namba tu: kiwanja fulani, kitalu fulani. Ni nadra aulize kiwanja hicho kimelala vipi, upande upi unaelekea barabara, na maji ya mvua ya majirani yatapita wapi. Hata hivyo, mambo hayo matatu ndiyo yatakayoamua gharama ya kuishi mahali hapo, na bikoni zikishazikwa hakuna fundi awezaye kuyasahihisha kwa saruji.

Na ichukuliwe hesabu nyepesi. Katika mpango wa viwanja vyenye huduma ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vingi vya Sinza na Kijitonyama, Dar es Salaam, vilipimwa upana wa mita 12 na kina cha mita 24, yaani mita za mraba 288. Upande mfupi ndio ulioelekea barabara. Barabara ya mita 240 yenye viwanja vya namna hiyo pande zote mbili huhudumia kaya 40. Bomba la maji likigawanywa, kila kaya hubeba mita 6. Kiwanja hicho hicho kikigeuzwa ubavu, kaya hubaki 20, na kila moja hubeba mita 12. Kikipimwa mita 30 kwa 40, kama wapendavyo wenye uwezo, kaya ni 16 tu, na mzigo ni mita 15. Nguzo za umeme, mifereji na lami hufuata hesabu hiyo hiyo. Mtaa wa viwanja vikubwa unapokosa maji miaka mingi, lawama hupelekwa idara ya maji, ilhali kosa huenda lilitendwa zamani juu ya meza ya mchoraji.

Wako wanaosema kwamba wananchi wajenge kwanza, serikali ifuate na kuboresha. Mpango ule wa 1974 ulijaribu njia zote mbili: Sinza palipimwa kabla ya nyumba, Manzese paliboreshwa nyumba zikiwapo tayari. Utafiti wa wachumi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba maeneo yaliyopimwa kwanza yamekuwa na nyumba kubwa zaidi na zilizopangika vizuri zaidi. Si ajabu. Kupitisha barabara katikati ya nyumba za watu ni kubomoa, na kubomoa kuna fidia na machozi.

Mistari iliyonyooka nayo haitoshi. Kariakoo, iliyopangwa enzi za Wajerumani kwa mitaa inayokatana kama nyuzi za mkeka, ni rahisi kwa mgeni kwa sababu ardhi yake ni tambarare. Mchoro wa namna hiyo ukibandikwa juu ya vilima vya Mwanza, kila barabara inayoshuka moja kwa moja hugeuka korongo wakati wa masika. Huko barabara haina budi kuzunguka kilima, na mikondo ya asili ya maji ichorwe kabla ya kitu kingine chochote, kisha iachwe bila viwanja. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi yaliua watu, na baadhi ya walionusurika wakahamishiwa Mabwepande.

Jambo linalowagusa walimu hasa ni maeneo ya wazi. Katika michoro mingi uwanja wa watoto hupakwa rangi ya kijani, lakini hauwekewi bikoni wala namba. Kisicho na namba hakina mwenyewe. Baada ya miaka michache huota ukuta, halafu duka. Eneo la shule nalo hutupwa ng'ambo ya barabara kuu, kwa kuwa ndipo pembe iliyobaki, na watoto wa darasa la kwanza wakavuka katikati ya malori kila asubuhi.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Uwanja wa wazi upewe namba na bikoni kama kiwanja kingine, na mwenye dhamana nao aandikwe. Kadhalika, mchoro ubandikwe ofisi ya kata kabla haujapitishwa, kwa lugha ya Kiswahili, na afisa ardhi asimame hapo siku nzima kuwaeleza wananchi. Mama anayeteka maji kila siku ataonyesha mkondo unapopita hata wakati wa kiangazi ambapo mpimaji haoni ila mchanga mkavu.