Kigari kipo, nauli hakuna

Ndugu msikilizaji, wiki hii natoa ushahidi dhidi yangu mwenyewe.

Mke wangu alipokuwa mjamzito wa mtoto wetu wa kwanza, kila mwisho wa mwezi nilipita Kariakoo. Nilinunua kitanda cha mtoto, viatu vya kiumbe asiyejua hata kutambaa, na kigari cha kumsukumia. Mtaani kwetu mchanga unafika kwenye vifundo vya miguu. Sijui nilitaka kukisukumia wapi.

Uchungu ulianza saa nane usiku. Dereva teksi alitaja nauli, nikapapasa mifuko, sikuwa na hata nusu yake. Kigari kipo, nauli hakuna! Mama jirani, muuza vitumbua, ndiye aliyevunja kibubu chake. Mtoto alizaliwa alfajiri. Kile kitanda tuliishia kuanikia nguo.

Tangu siku ile nawaambia vijana: anzeni na yale yasiyouzwa dukani. Wataalamu wa uzazi wanahimiza wenzi wapange mapema mama atajifungulia wapi, atafikaje, nani atamsindikiza, nani atachangia damu ikihitajika, na fedha za dharura ziko wapi. Hilo ndilo fungu la kwanza, wala lisiguswe. Baada ya hapo, nunueni kidogo kidogo vifaa mlivyoelekezwa kliniki.

Nguo zisiwatie wazimu. Mtoto mchanga hukua haraka. Ya mwezi wa kwanza haimtoshi wa tatu. Azimeni kwa ndugu, piteni kwenye mitumba ya Ilala, mfue vizuri na kupiga pasi. Khanga kuukuu hutoa nepi laini kuliko za duka.

Kuhusu chakula, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, bila hata maji. Basi fedha ya maziwa ya kopo imnunulie mama dagaa, maharage na mchicha.

Lakini kina baba wenzangu, tusikilizane. Kubana matumizi si kumbana mama. Anayeokoa nauli ya kliniki haweki akiba, anacheza kamari na roho mbili.

Yule jirani nilimrudishia fedha zake mwisho wa mwezi. Akasema bado ananidai kibubu. Nilinunua viwili. Cha pili kipo kwangu mpaka leo.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.