Kiini Kimoja, Bei Yake

Msikilizaji, enzi za Windows Server 2012, mfumo wa seva wa Microsoft, leseni moja ya seva ilitosha prosesa mbili, ziwe na viini (cores) vinne au ishirini. Toleo la 2016 likabadili kipimo: Microsoft sasa inahesabu viini vyenyewe.

Hapo ndipo penye mtego. Kila prosesa huhesabiwa kuwa na viini visivyopungua 8, na kila seva visivyopungua 16. Ukinunua kimashine cha viini 4, bado unalipia 16. Ni kama abiria mmoja kutozwa nauli ya siti nne! Mwenye viini 64 naye, kwa leseni ya mashine nzima, hulipia vyote 64, hata vikisinzia.

Kampuni ina hoja: prosesa moja ya leo hufanya kazi ya nyingi za jana. Lakini kima cha chini kinamwumiza mdogo, na hilo silitetei. Debian, mfumo huria, haihesabu kiini hata kimoja, ingawa fundi wake utamlipa.

Wanunuzi wa ofisini, kabla ya kusaini hati ya manunuzi, mwulizeni muuzaji: mashine hii ina viini vingapi?